Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi: Mbwa wangu Kobe hakumshambulia mtu

Mheshimiwa Kamanda,

Salamu kwako na kwa askari wako. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimekuandikia mara tatu kwa njia ya kawaida. Barua ya kwanza iligongwa muhuri mapokezi, ya pili nikaambiwa iko mezani, ya tatu hakuna anayejua iliko. Hii ya nne naiweka hadharani. Sikusudii kukuvunjia heshima, ila nimebisha mlango wa ofisi yako mpaka nimechoka.

Mwezi uliopita, kabla jua halijachomoza vizuri, askari wako wanne waliingia uani kwangu wakimtafuta kijana ambaye hajawahi kuishi hapo. Hawakupiga hodi. Walisukuma geti wakaingia. Kobe alikuwa amelala kwenye gunia lake barazani. Huyo ni mbwa wangu, Rottweiler wa miaka tisa, na jina hilo tulimpa kwa ajili ya mwendo wake. Nyonga zilikuwa zimemchakaa. Kuinuka asubuhi kulikuwa kazi: kwanza miguu ya mbele, halafu anatulia apumue, halafu ya nyuma. Ndivyo alivyoinuka hata siku ile. Alibweka mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni, nikapaza sauti, "Afande, subiri, namshika!" Nilibakiza hatua nne kumfikia. Risasi ikamwingia shingoni, chini kidogo ya mkanda.

Nataka ulijue hili, Kamanda, kwa kuwa halimo kwenye taarifa yenu: hakuwa ameshuka hata ngazi moja. Damu iko kwenye gunia. Uani hapakuwa na tone, isipokuwa pale nilipopita baadaye nikiwa nimembeba. Nilipoomba kumkimbiza kwa daktari wa wanyama niliamriwa nikae chini mpaka upekuzi uishe, na upekuzi ulichukua karibu saa nzima. Nikakaa, kichwa chake mapajani, nimekandamiza kidonda kwa shati langu. Askari mdogo kuliko wote aliinama kumtazama, Kobe akatikisa mkia. Askari huyo aliondoka haraka, akaenda kusimama getini akiwa ametupa mgongo. Simchukii. Nadhani naye hakufundishwa.

Alikufa njiani.

Taarifa niliyoonyeshwa kituoni inasema hivi: "Mbwa mkali wa aina ya hatari aliwashambulia askari, akadhibitiwa." Maneno tisa, kwa mbwa aliyeishi miaka tisa.

Mkubwa wao aliniambia akiwa anatoka, "Mbwa wa mbegu hii hawaaminiki." Naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu naamini sentensi hiyo ndiyo iliyomuua Kobe kabla bunduki haijatoka kiunoni. Mbegu hii ilipata jina lake katika mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako wachinjaji waliitumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Mwanzoni mwa karne ya 20 polisi wa huko huko wakaichukua iwasaidie kazi. Kwa hiyo mbwa mnayemwita hatari alivaa mkanda wa polisi miaka mia moja iliyopita, akaaminiwa maisha ya watu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, na ikaonekana kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kinachobaki kiko kwingine: urithi wa mbwa mmoja mmoja, malezi, woga, maumivu, na namna binadamu alivyomwendea siku hiyo.

Wako pia mbwa wa Michael Vick, yule mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Mwaka 2007 walichukuliwa pitbull 51, mbwa wa mbegu nyingine inayoitwa ya hatari, kutoka kwenye uwanja wake wa kupiganisha mbwa, na wapo waliotaka wote wauawe kwa kuwa "hawafai tena." Badala yake walipimwa mmoja mmoja. Zaidi ya 40 walinusurika, wengi wakalelewa majumbani, na wengine wakawa wanapelekwa kuwaliwaza wagonjwa. Hao walikuwa wametoka kwenye mapigano. Wangu alikuwa ametoka kwenye gunia.

Sisemi Rottweiler hang'ati. Anang'ata, tena taya lake ni zito, na aliyejeruhiwa na mbwa ana haki ya kulindwa na wewe kabla yangu. Ila Uholanzi walipiga marufuku pitbull kwa miaka, na mwaka 2008 serikali yao ikatangaza kuifuta marufuku hiyo, kwa sababu watu kung'atwa hakukupungua. Kumhukumu mbwa kwa sura yake hakukumlinda mtu.

Sasa nikukumbushe ahadi. Mwaka jana mbwa wa jirani yangu alipopigwa risasi, ulikuja wewe mwenyewe kwenye mkutano wa wakazi. Nilikaa mstari wa pili. Ulisema ndani ya miezi mitatu kila gari la doria litabeba fimbo ya kitanzi ya kumkamatia mbwa, na kila askari atafundishwa na daktari wa wanyama kusoma tabia ya mbwa. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga. Miezi kumi na minne imepita. Magari yale nimeyachungulia, fimbo sikuona.

Wala mafunzo hayo si ya ajabu. Jimbo la Colorado, Marekani, liliyaweka kwenye sheria tangu 2013. Askari anafundishwa kutikisa geti na kusikiliza kabla ya kuingia. Anafundishwa kumwita mwenye mbwa amfungie kwanza, maana dakika moja haimtoroshi mtu ambaye nyumba yake imeshazungukwa. Anafundishwa kwamba mbwa anayepiga miayo, anayelamba pua na kugeuza uso pembeni anaomba nafasi, na aliyekakamaa, uzito wote mbele, macho hayapepesi, huyo ndiye wa kuogopwa. Anafundishwa kutomkodolea macho, kusimama upande, kutokimbia, kuweka kitu katikati, hata kama ni kifuniko cha pipa. Kubweka mara mbili ni mbwa kuuliza nani anaingia. Hata mimi ningeuliza.

Huenda nakosea, lakini nahisi askari wenu wanaijua sura moja tu ya mbwa: yule wa kikosi, aliyefundishwa kurukia mkono wa mhalifu. Au ni haraka tu. Au ni maneno ya mtaani kuhusu mbwa weusi wenye vichwa vikubwa. Sijui nani angenijibu, maana hamjanijibu.

Nilikuwa nimepanga kuomba mengi. Fimbo, mafunzo, uchunguzi, amri kwamba risasi iwe ya mwisho kabisa. Yote bado nayaomba. Ila kama ni mazito kwako leo, naomba moja jepesi, la dakika mbili na kalamu: lifute neno "aliwashambulia." Likibaki, askari atakayeingia kwenye ua mwingine ataingia akijua tayari kwamba mbwa wa namna hii hushambulia, kwa kuwa imeandikwa. Andika alibweka. Andika alibweka mara mbili, akiwa barazani, na mwenye mbwa alikuwa anakuja kumshika.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kituoni. Gunia nitakuja nalo, sijalifua.

Wako mwaminifu,
Mwenye Kobe