Mwaka Wangu Haumo Kwenye Orodha: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kitivo cha Tiba

YAH: UDAHILI WA WAOMBAJI WENYE UMRI MKUBWA KATIKA MASOMO YA UDAKTARI

Mheshimiwa Profesa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali, nina umri wa miaka 39, na kwa miaka 15 nimekuwa nikipima damu, mkojo na majimaji mengine ya wagonjwa ambao mara nyingi sijui hata sura zao. Mwaka huu nimeamua kuomba nafasi ya kusomea udaktari katika kitivo unachokiongoza. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo lililonikuta siamini kuwa ni langu peke yangu, na pia kwa sababu barua mbili nilizokutumia kwa njia ya kawaida zilijibiwa na kompyuta, ambayo ilinishukuru kwa kuwasiliana nanyi na haikusema zaidi.

Jambo lenyewe, kwa kulitazama, ni dogo. Ukurasa wa tatu wa fomu yenu ya mtandaoni unamtaka mwombaji ataje mwaka aliomaliza masomo ya sekondari. Mwaka huo hauandikwi, bali unachaguliwa kutoka kwenye orodha, na orodha hiyo inaanzia mwaka huu, inarudi nyuma miaka 10, kisha inakoma. Mimi nilimaliza miaka 20 iliyopita. Niliishusha orodha hadi chini, nikaipandisha, nikaishusha tena, nikidhani labda kioo cha simu yangu ndicho chenye kasoro. Kesho yake nikajaribu kwenye kompyuta ya kazini, mambo yakawa yaleyale. Asiyechagua mwaka hawezi kuendelea na ukurasa wa nne.

Nilipiga simu ofisi ya udahili. Aliyeipokea alikuwa mtu mstaarabu, akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akanishauri nichague mwaka wa chini kabisa katika orodha "ili mfumo ukupitishe", na cheti halisi nije kukionyesha baadaye. Sina kinyongo naye, kwani alikuwa anatafuta njia ya kunisaidia kwa zana alizopewa. Lakini ukurasa wa mwisho wa fomu hiyohiyo una tamko la kutiwa saini, linalosema kwamba taarifa zote ni za kweli, na kwamba ikibainika vinginevyo udahili utafutwa wakati wowote, hata kama mwanafunzi amekwisha kufika mwaka wa mwisho. Maana yake ni kwamba nilikuwa ninashauriwa niianze safari ya udaktari kwa maandishi ya uongo, mbele ya walimu ambao somo lao la kwanza wodini litakuwa kwamba katika jalada la mgonjwa haliandikwi jambo ambalo halikutokea. Sikuchagua mwaka wowote.

Tumezoea kuambiana kwamba elimu haina mwisho. Kwenye fomu yenu inao, na mwisho wenyewe ni miaka 10.

Ninachotaka kujua kwako ni kama hilo ni kosa la aliyetengeneza mfumo au ni msimamo wa kitivo. Nimezisoma sifa za kujiunga mlizozitangaza, mstari kwa mstari, na hakuna mahali zinapotaja ukomo wa umri. Kama ni kosa, fundi wenu atalirekebisha kabla ya saa ya chakula cha mchana. Kama ni msimamo, basi uandikwe pamoja na sifa nyingine, mahali ambapo kila mtu atausoma, utetewe na wanaouamini, na upingwe na wasiouamini. Kinachonisumbua ni msimamo usio na mwenyewe, unaotekelezwa na kisanduku cha kompyuta, ambao anayeulizwa anaweza kusema kwamba haupo.

Nina sababu ya kushuku kwamba si kosa tupu. Katika siku mliyowaalika waombaji kutembelea madarasa na maabara, mhadhiri mmoja aliniuliza kwa upole ningekuwa na umri gani siku ya kuhitimu, na kabla sijajibu akaanza kuhesabu mwenyewe. Miaka sita ya masomo, mwaka mmoja wa utarajali, tayari ni 47 nikianza mwakani nikiwa na miaka 40. Nikitaka kuwa daktari bingwa, niongeze minne au zaidi. Kisha akasema nafasi ni chache, kila mwanafunzi anagharimu fedha nyingi za umma, na jamii ina haki ya kutarajia utumishi mrefu kutoka kwa anayesomeshwa.

Hoja hiyo si ya kubezwa, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Nimelala nayo siku nyingi. Ila kila ninapoirudia naona kwamba anapigiwa hesabu mtu mmoja tu. Kijana wa miaka 19 aliyesimama pembeni yangu siku ile hakuulizwa kama anakusudia kwenda kufanya kazi ng'ambo, au kama miaka mitano baada ya kuhitimu ataacha stethoskopu na kuwa meneja wa mradi, au kama amekuja kwa hiari yake au kwa hiari ya baba yake. Na ni haki kwamba hakuulizwa, kwa sababu hakuna anayeweza kujibu maswali hayo akiwa na miaka 19. Mimi naweza kuyajibu. Nimekwisha kuiona hospitali saa tisa usiku, umeme umekatika, damu imepungua benki na ndugu wa mgonjwa wanalia kwenye korido, na kesho yake nimerudi kazini. Mtu akihitimu akiwa na 47 na kustaafu akiwa na 65, anakuwa ametumika miaka 18, na sidhani kama kuna wodi inayoweza kuiita miaka 18 ya daktari kuwa hasara.

Nisije nikaonekana ninajipigia debe, naomba nikiri yanayostahili kukiriwa. Kumbukumbu yangu si ile ya miaka 20. Majina ya mishipa na misuli ya mkono, ambayo kijana atayameza kwa siku mbili, mimi nitahitaji wiki nzima na vikaratasi vilivyobandikwa jikoni. Zamu ya usiku, ambayo zamani niliimaliza nikaenda sokoni, sasa inanidai usingizi wa mchana kutwa. Nina watu wanaonitegemea, na mshahara utakaokatika ni mshahara waliokuwa wakiutarajia. Hayo yote nimeyapima, na yakinishinda nitashindwa kwenye mitihani yenu kama anavyoshindwa mwanafunzi mwingine yeyote. Ndiyo kazi ya mtihani.

Ngoja nikueleze kinachonifanya nitake kuja. Usiku mmoja ililetwa sampuli ya damu, na mashine ikasoma potasiamu ya juu mno, zaidi ya milimoli 7 kwa lita, kiwango ambacho moyo unaweza kusimama bila kutoa taarifa. Nilipiga simu wodini kama utaratibu unavyotaka, na daktari tarajali aliyekuwa zamu, ambaye kwa sauti yake alikuwa bado hajatimiza miezi mitatu kazini, akasema anaanza matibabu mara moja. Nilikuwa nimeishika chupa ya sampuli mkononi. Baada ya kuzungushwa kwenye mashine, majimaji ya juu, ambayo hupaswa kuwa na rangi ya manjano hafifu, yalikuwa mekundu kama juisi ya rosela. Chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka wakati wa kuchota damu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya potasiamu ya mwili hukaa ndani ya chembe, zinapopasuka huimwaga nje na kuidanganya mashine. Nilimwomba asimpe mgonjwa kwanza insulini, ambayo hushusha potasiamu ya damu, amfungie kipimo cha moyo, na achote damu upya kwa sindano pana zaidi, taratibu. Sampuli ya pili ilisoma 4.3, kiwango cha kawaida. Akaniuliza nilijuaje, nikamwambia ni rangi.

Watu wakisikia kisa hiki hunisifu, lakini wanasifia sehemu isiyo yenyewe. Kutambua sampuli mbovu ni kazi yangu, nalipwa kwa hiyo. Kilichonikosesha raha ni swali lililonibaki baada ya kukata simu: je, potasiamu ile ingekuwa ya kweli, nini kingefuata? Najua dawa zinazotajwa vitabuni, lakini sijui kumtazama mgonjwa aliye mbele yangu na kuamua ianze ipi, kwa kiasi gani, na lini kusubiri ni hatari kuliko kutenda. Mlango wa maabara ndipo ujuzi wangu unapoishia, na kwa miaka 15 nimekuwa nikiwasimulia walio upande wa pili kilichomo ndani ya chupa, bila kuruhusiwa, wala kustahili, kufuata chupa ile hadi kitandani. Nataka kustahili.

Wala sidai kwamba ninaanzisha jambo jipya. Cicely Saunders wa Uingereza alianza kama muuguzi, akaacha kwa maumivu ya mgongo, akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na huko ndiko alikoona wagonjwa wasiotibika wakifa kwa maumivu yaliyoweza kutulizwa. Daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi alimshauri akasomee udaktari, kwa maelezo kwamba wanaowatelekeza wanaokufa ni madaktari. Alianza masomo hayo mwaka 1951 akiwa na umri wa miaka 33, akafuzu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua jijini London nyumba ya kuhudumia wagonjwa wanaokaribia kufa iitwayo St Christopher's, ambayo ndiyo iliyotoa mfano wa tiba shufaa ya kisasa, yaani tiba ya kutuliza maumivu ya wasiotibika. Alisisitiza mofini itolewe kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kumsubiri mgonjwa aombe. Wazo hilo alilikuta likitumika alipokuwa ofisa wa ustawi na muuguzi wa kujitolea, katika miaka ileile ambayo mhadhiri wenu angeihesabu kuwa imepotea.

Upande wa pili yupo Allan Bakke wa Marekani, mhandisi na mwanajeshi wa zamani, aliyeomba nafasi ya udaktari mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa na zaidi ya miaka 30. Kesi yake dhidi ya Chuo Kikuu cha California, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1978, inakumbukwa kwa mgogoro wa nafasi zilizotengwa kwa misingi ya rangi, ambazo yeye alizipinga, na katika mgogoro huo mimi siko upande wake. Kinachosahaulika ni kwamba baadhi ya vyuo alivyoomba vilimweleza wazi kuwa umri wake ni kikwazo. Aliingia chuoni mwaka huo wa 1978 na kuhitimu mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 42. Sikubaliani na vyuo vile, ila navisifu kwa jambo moja, kwamba vilimwambia. Mimi nimeambiwa na orodha.

Nchi nyingine zimekwisha kulitafutia utaratibu. Chuo Kikuu cha Flinders cha Australia kilifungua mwaka 1996 programu ya udaktari kwa wenye shahada za fani nyingine, na Uingereza ilianza programu za namna hiyo mwaka 2000, nyingi zikiwa za miaka minne. Siombi programu mpya. Ninaomba kupimwa kwa kipimo kilichopo.

Kuhusu cheti cha zamani, naelewa wasiwasi wenu, kwa kuwa baiolojia niliyofundishwa miaka 20 iliyopita imepitwa na mambo mengi. Basi nipeni mtihani. Niwekeni chumba kimoja na waliomaliza mwaka jana, kwa maswali yaleyale na muda uleule, na alama zangu zisomwe bila tarehe ya kuzaliwa. Vilevile kanuni yenu inataka barua ya mapendekezo itoke kwa mwalimu aliyemfundisha mwombaji katika miaka miwili iliyopita. Mwalimu wangu wa kemia ameshafariki, na wa baiolojia alistaafu zamani na hatanikumbuka. Mkuu wa maabara ninapofanya kazi ameniona nikikosea na nikisahihisha kwa miaka tisa. Sioni kwa nini neno lake liwe jepesi kuliko la mwalimu aliyekaa na darasa la wanafunzi 80 kwa mihula miwili.

Fomu nimeichapisha kwenye karatasi. Pembeni ya kisanduku cha ukurasa wa tatu nimeandika kwa kalamu mwaka wangu halisi, nimejaza kurasa zote zilizobaki, nimetia saini tamko la mwisho, na Jumatatu iliyopita nimeikabidhi kaunta ya udahili, ambako waliipokea baada ya kushauriana kidogo na kunigongea muhuri kwenye nakala yangu. Muda wa maombi unafungwa siku 19 zijazo. Ninaomba nipate jibu lako kabla ya siku hiyo, hata likiwa la kukataa, ilimradi liwe limeandikwa na limetaja sababu.

Wako mtiifu,

Mtaalamu wa maabara, mwombaji wa nafasi ya masomo ya udaktari