Mwanangu, pale mchangani usilaze mtu

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku hatujambo, mguu wa baba yako umepungua uvimbe na sasa anafika zizini bila fimbo. Picha za mahema ya wageni ulizomtumia dada yako nimeziona kwenye simu yake. Kwa nini ulianza na yeye badala yangu, hilo tutaliongea ukija. Mahema ni mazuri. Lakini nimeona umechora mishale juu ya picha ya mto wetu, Ruaha Mdogo: mahema sita, jiko, mahali pa kukoka moto, vyote pale mchangani chini ya mkuyu. Mwanangu, pale usilaze mtu.

Hesabu yako nimeielewa. Barabara ya Msembe inatengenezwa, wageni wengi wa Hifadhi ya Ruaha wanapita Iringa, na wapo watakaopenda kulala kijijini usiku mmoja, wapande mlima asubuhi, wavue samaki, waende Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa. Nimeigeuza kichwani siku tatu nikaona ina akili. Kwenye vikoba niliwaambia wenzangu kwamba mwanangu anaacha kazi Dar es Salaam arudi kwao, na furaha sikuificha. Vijana wa hapa wanauza viwanja waondoke, wewe unarudi. Ila wewe umepiga hesabu ya mchana, mimi nahofia usiku.

Mto unaoujua wewe siyo huu. Ule ulikuwa ukijaa taratibu, unachomeka kijiti jioni, asubuhi unakuta umepanda vidole viwili. Februari mwaka jana hapa kwetu halikudondoka hata tone, nyota zilijaa. Mvua ilinyesha huko juu, Mufindi. Saa nane usiku mbwa walibweka wakielekea mtoni, baba yako akasema ni fisi, tukalala. Kulipokucha maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanapita na mabua, ndoo, na mashine ya kumwagilia ya jirani. Ukija, nenda kwenye huo mkuyu wako uutazame vizuri. Kwenye panda ya kwanza kuna nyasi kavu zimenasa pamoja na kipande cha mfuko wa mbolea, wa bluu. Nikisimama nikanyoosha mkono, sikifikii. Sasa niambie, aliyelala kwenye hema hapo chini angesikia nini, na angekimbilia wapi?

Halafu Oktoba mto huohuo unapungua hadi watoto wanavuka bila kuvua viatu, na yanabaki madimbwi yaliyotulia yenye konokono. Wageni wako wataogelea humo wapate kichocho? Usiku wa Machi siku hizi tunalala kwenye chandarua, jambo ambalo bibi yako hakulijua maisha yake yote kwa baridi ya hapa. Kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji, watu wa Bonde la Rufiji walitueleza kwamba Ruaha Mkuu ulianza kukatika mwaka 1993, na tangu hapo kila kiangazi viboko kule hifadhini wanarundikana kwenye tope. Huu wetu, Ruaha Mdogo, haujakatika, lakini maji yake yanaenda hukohuko, yanaingia Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Nilitoka kwenye kikao kile sina raha.

Na huo mchanga unaousifia. Umemwandikia dada yako kuwa ni ufukwe wa asili. Ulikuwa bweni miaka ile, hukuona. Pale palikuwa na ukingo umesimama, umeshikwa na miti mitatu ya mivengi. Malori yalikuja kuchota mchanga kuanzia Juni hadi Oktoba, tripu baada ya tripu. Ada yako ya kidato cha tano na cha sita haikutoka kwenye mahindi. Baba yako alikataa, aliyepokea hela ni mimi. Masika yaliyofuata mivengi ikang'oka yenyewe na maji yakapata njia. Kwa hiyo ukiona pale pamekaa vizuri, tambarare, ujue maji yanapajua kuliko wewe. Usilaze mtu pale.

Isitoshe sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Bwana mazingira alipokuja kupima, kamba yake ilimaliza kinyungu changu chote, bustani yangu ya bondeni, ikasimama kwenye mparachichi wa pili. Nililia kwa kinyungu kile, mboga zenu zote zilitoka pale. Lakini niliacha. Wewe uliyesoma ndiyo uje uweke jiko humo? Weka mahema juu, kwenye shamba la mahindi la zamani. Panaonekana mto wote unavyokunja, upepo upo, wageni watashuka mchana na jioni watapanda. Kutembea dakika kumi hakujamuua mtu. Baba yako amekubali kukuachia, ingawa kakubali kwa kunung'unika.

Unasema utakuja na watoto. Wamekulia kwenye vigae, maji ya mto hawayajui, na wewe nawe ukishika simu hukumbuki kama una mtoto. Nakuambia ukweli. Nyinyi wenyewe mlipokuwa wadogo nilikuwa nawaacha huko kutwa nzima, na ninajua ninachosema.

Chemchemi ya kwa bibi yako nayo imebaki unyevu tu. Ile milingoti tuliyopanda pale kwa matumaini ya kuuza nguzo inanyonya maji, naomba ukija uiondoe, msumeno wa mjomba wako upo. Miche ya mivengi nimeotesha kwenye viriba, arobaini na kitu, ipo nyuma ya jiko. Kuku wanailima, kwa hiyo usichelewe.

Mdogo wako anadaiwa michango ya shule, nimelipa nusu. Bati la stoo lililokuwa linavuja limezibwa. Mlango wa banda la kuku unahitaji bawaba za inchi nne, za hapa zinapinda, ninunulie Kariakoo. Vitunguu usibebe, vipo. Mkeo mwambie alete masweta ya watoto, asidanganyike na Novemba, usiku bado kuna baridi.

Ukifika stendi piga simu, baba yako atakodi guta la mizigo. Na hayo mahema usiyapitishe mtoni hata kwa kujaribu. Yashushe hapa nyumbani, stoo nimekusafishia.

Mama yako