Barua ya kupinga kuuzwa kwa uwanja wa mbio za farasi wa Kempton Park

Feltham, Middlesex
20 Februari 2017

Kwa Mwenyekiti na Wakurugenzi,
Jockey Club,
London.

Waheshimiwa,

KUH: MALALAMIKO KUHUSU MPANGO WA KUUZA UWANJA WA KEMPTON PARK ILI ZIJENGWE NYUMBA

Ninawaandikia kupinga, bila kificho, mpango mliotangaza tarehe 10 Januari mwaka huu wa kuuza uwanja wenu wa Kempton Park ulioko Sunbury-on-Thames, ili mahali pake pajengwe nyumba zipatazo 3,000. Taarifa yenu nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimeelewa kwamba mnatarajia kupata si chini ya pauni milioni 100, kwamba fedha hizo zitaingia katika uwekezaji wa pauni milioni 500 kwa muda wa miaka 10, kwamba mnakusudia kujenga njia mpya ya mchanga yenye taa huko Newmarket, na kwamba mbio za kuruka viunzi za King George VI Chase zitahamishiwa uwanja wa Sandown Park. Hesabu hizo sizidharau. Ila kila ninapozirudia naona mnauza kitu ambacho hata hizo pauni milioni 500 haziwezi kukirudisha.

Tarehe 26 Desemba iliyopita nilikuwa Kempton kutazama mbio hizo za King George. Nilisimama kwenye ua wa njia, hatua chache kutoka kwenye kiunzi. Farasi wakiwa bado mbali, unaanza kuwahisi miguuni, kwa sababu ardhi inatetemeka. Kisha husikia kwato, kisha mkwaruzo wa matumbo yao juu ya fito zilizofumwa kuwa kiunzi, na vipande vya fito hizo hurushwa hewani pamoja na udongo. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu aliinama, akaokota kipande kilichoanguka karibu na kiatu chake, akakifuta kwa kidole gumba, akakitia mfukoni mwa koti. Siku hiyo alishinda Thistlecrack, farasi aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa kuruka viunzi vikubwa, na hakuna farasi wa daraja hilo aliyewahi kuzishinda mbio hizo kabla yake. Mzee yule aliniambia kwamba alikuwa amesimama upande huohuo wa njia mwaka 1966, angali kijana, farasi Arkle alipomaliza wa pili nyuma ya Dormant akiwa amevunjika mfupa wa mguu, asikimbie tena maisha yake yote. Alinisimulia hayo huku akinyoosha mkono kuelekea mahali penyewe. Wiki mbili baadaye likatoka tangazo lenu.

Ndiyo maana jibu la kwamba mbio zitahamia Sandown halinitoshi, wala halipaswi kuwatosha ninyi mnaozijua mbio kuliko mimi. Sandown haiko mbali na Kempton, hilo nalikubali, lakini suala si umbali. Njia ya Kempton ni tambarare, ina pembe tatu, huzungukwa kwa mkono wa kulia, na humtaka farasi aruke kwa kasi bila kupata nafasi ya kupumua. Sandown ina mlima mwishoni, na mlima huo humpa ushindi farasi wa aina nyingine. Mbio hizi zilianza mwaka 1937 kwa heshima ya mfalme mpya, zikawekwa katika siku ya pili ya Krismasi kuanzia mwaka 1947, na orodha ya washindi wake imeandikwa na umbo la ardhi hii. Kauto Star alizishinda mara tano. Ni kweli kwamba mwaka 2005, Kempton ilipokuwa inajengwa upya, farasi Kicking King alizishinda huko Sandown. Lakini wakati ule kila mtu alijua kwamba mbio zimekwenda huko kama mgeni, na kwamba mgeni angerudi nyumbani. Safari hii mnachopendekeza ni kuibomoa nyumba yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo sikulikuta katika taarifa yenu, ingawa nililitafuta. Desert Orchid alishinda King George mara nne, miaka ya 1986, 1988, 1989 na 1990, na alipokufa mwaka 2006 majivu yake yalizikwa Kempton karibu na sanamu yake. Farasi yule mweupe alipendwa hata na watu ambao hawakuwahi kuweka dau maishani mwao, na nimewaona wazazi wakiwainua watoto waiguse sanamu hiyo puani kabla ya kwenda kuwatazama farasi walio hai. Sanamu inaweza kupakiwa kwenye lori. Majivu yaliyokwisha kuwa udongo mtayapeleka wapi? Siulizi ili kuwaudhi. Aliyepewa kaburi kwa heshima na mwenye ardhi anastahili kutajwa siku ardhi hiyo inapotangazwa kuuzwa, na ninawaomba mnijibu swali hili peke yake, lisifunikwe na mengine.

Marehemu baba yangu alikuwa saisi jijini Nairobi, akihudumia farasi wa mbio waliokimbia katika uwanja wa barabara ya Ngong. Alinifundisha kumkaribia farasi kwa ubavuni na kumsemesha kabla ya kumgusa. Nilipokuja kuishi Uingereza, nikiwa sina mtu ninayemjua, Kempton ilikuwa mahali pa kwanza ambapo nilisikia harufu niliyoizoea. Naelewa kwamba historia yangu haina uzito katika vitabu vyenu vya hesabu. Ninaitaja kwa sababu mashabiki wa Kempton wengi ni watu wa namna hii, wasio na shamba wala zizi, wanaopanda treni kutoka Waterloo au kutoka vitongoji vya magharibi mwa London na kushuka katika kituo kilicho mlangoni mwa uwanja. Tangu mwaka 2006 njia ya mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta imetuwezesha kutazama mbio jioni za katikati ya juma, chini ya taa, baada ya kazi. Farasi anapopita kwenye mwanga wakati wa baridi, mvuke unamtoka mgongoni hadi mpandaji anaonekana kama ameketi juu ya moshi. Newmarket iko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu. Mtu atokaye kazini saa kumi na moja jioni hataifikia, na mnalijua hilo.

Mtasema kwamba nyumba zinahitajika. Zinahitajika, na mimi ni mpangaji, nami nina watoto ambao sioni watakavyoweza kununua nyumba katika mtaa waliozaliwa. Kwa hiyo sitamruhusu mtu yeyote aniambie kwamba ninapinga nyumba. Ninachopinga ni kuchukua ardhi iliyo ndani ya Ukanda wa Kijani unaoizunguka London, ukanda uliowekwa ili miji isimezane, na kuifanya kuwa ya kwanza kujengwa badala ya kuwa ya mwisho. Anayepita Sunbury Cross asubuhi, pale barabara kuu ya M3 inapoanzia, anajua tayari hali ilivyo kabla familia 3,000 hazijaongezwa. Tena sera ya taifa inasema wazi kwamba mipaka ya ukanda huo hubadilishwa katika mazingira ya kipekee tu. Halmashauri ya Spelthorne, inayosimamia eneo hili, iliwaalika wenye ardhi wapendekeze maeneo ya kujengwa. Haikuwalazimisha kuleta Kempton. Mliileta wenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Kampuni ya kawaida ya mali isiyohamishika ingefanya hivi nami ningenyamaza, kwa kuwa ina wenye hisa wanaodai gawio. Ninyi hamna. Jockey Club iliasisiwa mwaka 1750, inaendeshwa chini ya hati ya kifalme iliyotolewa mwaka 1970, na faida yenu yote hurudi katika mchezo huu. Ninyi wenyewe husema kwamba kila mfanyalo ni kwa manufaa ya muda mrefu ya mbio za Uingereza. Mlezi wa urithi ana haki ya kukarabati paa, kubadili milango, hata kuuza kipande cha ua ikibidi. Hana haki ya kuuza chumba alimozikwa mwenye nyumba ili apate fedha za kupendezesha vyumba vingine. Nicky Henderson, ambaye ni miongoni mwa wakufunzi wakubwa wa mbio za viunzi nchini, amepinga hadharani. Ikiwa mtu wa kiwango chake hajaridhika, naomba msitudhanie sisi wa kwenye ua kwamba tunasukumwa na kumbukumbu tamu peke yake.

Wala hatuhitaji kubahatisha kitakachofuata. Ng'ambo ya mto Thames, mwendo mfupi kutoka Kempton, palikuwa na uwanja wa Hurst Park. Ulifungwa mwaka 1962 ukajengwa nyumba. Nyasi zake zilipelekwa Ascot, jukwaa moja likauziwa klabu ya soka ya Mansfield Town, na mbio zake za Triumph Hurdle zikaishia Cheltenham. Kila kipande kilipata mwenyewe. Nilitembea huko mwezi uliopita, siku ya Jumapili, nikizunguka mitaa iliyo tulivu na bustani zake zilizokatwa vizuri, na sikupata pahali pa kusimama nikasema hapa ndipo walipokuwa wakimalizia. Kempton ilifunguliwa mwaka 1878, baada ya Samuel Henry Hyde kuona shamba hilo na kuamini kwamba linafaa kwa mbio, na katika Vita vya Pili vya Dunia wafungwa wa vita walishikiliwa humo; lakini vita vilipokwisha, farasi walirudi. Baada ya nyumba hawarudi.

Ninaomba basi muiondoe Kempton katika orodha ya maeneo mliyoipa halmashauri. Kabla ya hatua nyingine yoyote, ninaomba mchapishe hesabu za uwanja huu peke yake, ili anayelipa kiingilio aone kama kweli unajiendesha kwa hasara au kama unauzwa kwa sababu tu ardhi yake ina bei, na muitishe mkutano wa wazi palepale Kempton, katika jukwaa, jioni, saa ambayo watu wa kazi wanaweza kufika. Kuhusu majivu ya Desert Orchid ninaomba ahadi ya maandishi, iwe uwanja unauzwa au hauuzwi.

Nitashukuru kupata jibu kwa barua.

Wenu mwaminifu,

Mkaazi wa Feltham na mtazamaji wa mbio za Kempton Park