Kwa wanangu mnaotafiti elimu ya awali: mtoto naye aulizwe

Wanangu wa uzamili na uzamivu, salaam.

Tasnifu nyingi za fani yetu zina "sauti ya mtoto" kwenye mada, lakini ukifika sura ya mbinu waliohojiwa ni walimu na wazazi tu. Mtoto mwenyewe hayumo. Nawasihi msianze hivyo maisha yenu ya utafiti.

Vibali vifuatilieni mapema: barua ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Ofisa Elimu Kata, ndipo imfikie mwalimu mkuu. Kisha mzazi asaini, na asiyejua kusoma asomewe, aweke dole gumba mbele ya shahidi. Saini hiyo haimalizi mambo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, kwa hiyo ridhaa yake nayo itafutwe, tena kila siku mnapokutana. Mpeni kadi nyekundu, afanye mazoezi ya kuiinua mara mbili tatu, na kila akiiinua acheni kweli, aone kwa macho kwamba mtu mzima ameacha. Wapo wasiothubutu kuiinua. Anayetafuna kola ya shati huku akiangalia mlango ameshakataa; mwacheni aende kucheza.

Kaeni mkekani na watoto wawili au watatu waliozoeana, mbali na masikio ya mwalimu lakini mahali mnapoonekana na watu. Dakika 15 zinatosha. Msiulize "Unapenda shule?" Watoto wetu wamefunzwa kumwitikia mkubwa, atasema ndiyo, na swali la kinyume atalijibu ndiyo vilevile. Mwambieni achore, au awatembeze shuleni, awaonyeshe anapopenda kukaa na asipothubutu kwenda. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba mtoto anakataa uji kwa kuwa anaogopa choo. Maneno yake yaandikeni yalivyo, msiyanyooshe. Kama nyumbani anaongea Kisukuma, tafuteni msaidizi anayekijua.

Takwimu zinawaponza wengi. Watoto 200 wa madarasa 10 si sawa na watoto 200 waliochaguliwa mmoja mmoja, kwa sababu wanaofundishwa na mwalimu mmoja hufanana. Ni afadhali kuongeza madarasa na kupunguza watoto katika kila darasa, na uchambuzi uzingatie madarasa hayo. Andikeni pia idadi ya waliokuwepo siku ya kupima, si ya rejista pekee: mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na hali halisi mara nyingi iko mbali na hapo.

Vipimo vya kuazima vifanyieni majaribio kwanza. Picha ya mtu anayekwangua theluji haipimi msamiati wa mtoto wa Kahama.

Mkimaliza, mpelekeeni mwalimu ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili. Michoro warudishieni watoto, nyie mbaki na nakala. Ni mali yao.

Ni mimi mzee wenu.