Barua kwa Mwanangu Kabla Hajaenda Sarlat

Kibokoni, Mombasa
Juni 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa presha ya mama yako inayopanda na kushuka, nayo atakueleza mwenyewe. Jana alinipa simu yake nimsomee ratiba ya likizo yenu uliyomtumia, kwa kuwa imeandikwa Kifaransa. Nikamsomea nyumba mliyokodi nje kidogo ya Sarlat, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nikamsomea gari, nikamsomea tiketi za pango la Lascaux, na nilipofika kwenye mstari wa Jumatano nikamwambia kuwa siku hiyo mtatembea kando ya mto. Ratiba haisemi hivyo. Inasema mtumbwi kwenye mto Dordogne, kutoka kijiji cha Cénac hadi Beynac, watu wawili kwa kila mtumbwi, na wewe hujui kuogelea.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa, Baba" kabla sijamaliza sentensi.

Safari yenyewe siikatazi. Mtu aliyekesha mwaka na nusu akiuguza wazee wa Kijerumani, kwa lugha aliyojifunza ukubwani, anastahili kupumzika, na nimewajibu hivyo hata wale wa barazani wanaouliza kwa nini fedha hizo hazikuletwa nyumbani. Ungeniomba nikuchagulie mahali Ufaransa, Paris nisingekutajia. Ningekutajia hapo hapo mnapokwenda. Lakini hukuniuliza. Nimefundisha Kifaransa miaka thelathini na mmoja, watoto wa watu wakapata A, na wa kwangu akachagua kilimo.

Mji utaupenda. Nyumba zake ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na vichochoro vyake ni vyembamba kama vyetu, ila vinafagiliwa. Katikati utakuta barabara moja iliyonyooka, rue de la République, waliyoikata karne ya kumi na tisa ikaugawa mji wa kale vipande viwili; wageni hujazana upande wa mashariki, penye kanisa kuu na nyumba aliyozaliwa mwandishi La Boétie, rafiki wa mwandishi Montaigne, kwa hiyo jioni vukeni upande wa magharibi mkae kwa utulivu. Mwaka 1962 waziri wao wa utamaduni, André Malraux, alileta sheria ya kulinda mitaa mizima ya kale badala ya jengo moja moja, na Sarlat ulikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kukarabatiwa chini ya sheria hiyo. Kabla ya hapo ulikuwa mji uliochoka, kuta zinabomoka na hakuna anayejali. Kila nikipita chini ya roshani zetu za mbao zilizooza huku Mji wa Kale huikumbuka sheria ile, na maneno ninayoyasema hayaandikiki.

Siku za soko ni Jumamosi na Jumatano asubuhi. Umeiona hiyo Jumatano? Waache wenzako washuke mtoni, wewe nenda sokoni. Kuna kanisa la zamani la Sainte-Marie ambalo halitumiki tena kwa ibada. Limegeuzwa kuwa soko, na msanifu majengo Jean Nouvel, aliyekulia huko huko, akalitilia milango miwili ya chuma yenye urefu wa kama mita 15. Wakati wangu milango hiyo haikuwapo, kwa hiyo utaniangalilia. Nunua stroberi, nunua jibini ndogo za maziwa ya mbuzi, na mletee mama yako jozi za kula, kwa sababu nchi ile imejaa mijozi kama Kilifi ilivyojaa minazi. Viazi wanavyoviita kwa jina la mji usivile kabla hujauliza, maana hukaangwa kwa mafuta ya bata, na bata huyo hakuchinjwa na Muislamu. Na ukiingia dukani anza na bonjour, usianze na haja yako. Wafaransa wanaonekana wakali kwa watu wasiowasalimu, na hapo siwalaumu, maana hata hapa Kibokoni ungeitwa huna adabu.

Sasa turudi mtoni.

Dordogne ya Julai inaonekana pole. Maji ni maangavu, sehemu nyingine kina hakifiki magotini, watoto wanaoga kwenye kokoto, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Upande wa juu kuna mabwawa makubwa ya umeme, na yakifunguliwa mto unaweza kupanda ghafla hata siku ya jua kali. Utaona mabango ya onyo ukingoni, nawe usipite kana kwamba hukuyaona. Halafu kuna madaraja. Maji yakikutana na nguzo ya daraja hujikunja na kuvuta, na mtumbwi ukikaa ubavu kwenye nguzo hiyo hupinduka papo hapo. Usiufananishe na ngalawa yetu yenye matengo pande mbili. Ni kitu cha plastiki, chepesi, na anayeketi mbele hana analoliongoza.

Ninajua kwa sababu niliketi mbele. Ilikuwa Agosti 1989, mwaka ule walipotupeleka Bordeaux kwa kozi ya walimu, na mwishoni mwa juma tulipanda treni ya Bergerac hadi Sarlat, wanne wetu. Mwenye mitumbwi alituuliza kama tunajua kuogelea. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenzangu kwamba natoka Mombasa, mji wa bandari, na sikuona namna ya kurudi nyuma mbele yao. Jaketi la kuokolea maisha nililivaa bila kufunga vishikizo kwa sababu ya joto. Sitakueleza yote. Mwalimu mmoja kutoka Senegal alinishika ukosi wa shati, na kofia yangu ikaendelea na safari peke yake kuelekea Beynac. Nyumbani nilileta picha za ngome, na mama yako, ambaye wakati huo alikuwa na ujauzito wako, nikamwonyesha ngome.

Ile siku ya Likoni na fimbo ile siitaji. Unaikumbuka kuliko mimi. Nataka ujue tu kwamba mtoto akikatazwa bahari na mtu asiyemwambia sababu, kosa si la mtoto, na kwamba wenzio wote wa mtaani waliojifunza kuogelea pale hakuna aliyezama. Nimewahesabu.

Kwa hiyo, kwenye fomu watakayokupa, utaona sharti kwamba mpanda mtumbwi aweze kuogelea angalau mita 25. Ni kanuni yao ya Ufaransa, si urasimu wa mwenye mitumbwi. Usitie saini jambo usilolijua. Waambie wenzako wazi kwamba hujui kuogelea. Watacheka dakika moja, basi.

Tena njia nyingine za kuuona mto huo zipo, na nadhani ni bora. Pale La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya jabali na maji, kuna mashua pana za mbao ziitwazo gabare, za mfano wa zile zilizokuwa zikichukua mizigo kuteremka mto zamani, na safari yake ni ya kama saa moja, umeketi kwenye benchi. Msikae sana chini ya jabali lenyewe. Mwaka 1957 kipande chake kiliporomoka kikaua watu watatu. Au pandeni bustani za Marqueyssac, zenye vichaka 150,000 vya mti uitwao boksi, vilivyokatwa mviringo kama maandazi, mfike kwenye ukingo wa mwamba ulio zaidi ya mita mia moja juu ya maji. Kutoka hapo utaiona ngome ya Beynac iliyokuwa ya Wafaransa, na Castelnaud iliyoshikwa na Waingereza katika Vita vya Miaka Mia, zinakodoleana macho kama majirani wenye kesi ya mpaka, na mto huohuo wote uko chini yako, na viatu vyako vikavu.

Lascaux nendeni asubuhi. Vijana waliligundua pango hilo Septemba 1940, na mwaka 1963 likafungwa kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zikiharibu michoro. Mimi niliona nakala ya pango iliyofunguliwa 1983, wewe utaona ile kubwa ya 2016. Ng'ombe waliochorwa pale watakusimamisha, hata kwa nakala. Ngome ya Milandes pia ipiteni, aliyoinunua mwimbaji Josephine Baker mwaka 1947 na kuwalea humo watoto kumi na wawili aliowachukua kutoka pembe zote za dunia. Madeni yalimtoa humo, naye alikuwa mwanamke maarufu duniani. Sisemi lolote kuhusu hilo gari mlilokodi kwa kadi yako peke yako, ingawa ratiba inaonyesha mko wanne.

Huyo atakayeendesha ajue kwamba vijijini, pasipo na alama, gari linalotoka kulia ndilo lenye haki ya kupita, hata likitoka kwenye kichochoro. Baada ya kutembea msituni jikagueni kupe. Namba ya dharura ni 112.

Paa za huko hufunikwa kwa mabamba ya mawe, mita moja ya mraba ikiwa na uzito wa nusu tani na zaidi, na zimesimama karne nyingi. Letu la mabati linavuja tena juu ya chumba cha dada yako. Fundi anasema tatizo ni kenchi, mimi nasema ni fundi. Zile fedha ulizotuma Machi za dari hazikwenda zote kwenye dari. Ada ya mdogo wako ilikuwa imefika, na mama yako alitaka nikuambie wakati ule, nikasema nitakuambia. Kisima tumekifunika. Paka wako mzee bado yupo, analala kwenye ile meza yangu ya kusahihishia.

Narudia, kwa kuwa najua utasoma aya za mwisho tu kama ulivyokuwa ukisoma vitabu vya shule: ukishindwa kuwakatalia wenzako, funga vishikizo vyote vya jaketi hata kama jua linachoma, keti pamoja na yule anayejua kuogelea kuliko wote, na kwenye nguzo za daraja mpite katikati. Jumatano hiyo nitumie picha kabla hujaingia majini, nivione vishikizo. Saa zetu zinapishana kwa moja tu, nitakuwa macho.

Itume kwenye simu yangu, si kwa mama yako. Hajui habari ya 1989, na presha ikiwa hivi sioni sababu ya kumwambia. Akikuuliza, mwambie mlikwenda kuangalia ngome.

Baba yako.