Kifungu cha tafsiri, rasimu ya sheria ndogo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kabla rasimu haijafika mkutano mkuu wa kijiji, turekebishe tafsiri za maneno. Huku kwetu Bagamoyo kesi nyingi za viwanja hukwamia hapo.

"Ufukwe" tumeuandika "eneo la karibu na bahari". Karibu kiasi gani? Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe, lakini mjenzi atapima toka maji kupwa, sisi toka maji kujaa. Tuandike: mita 60 kwenda nchi kavu, kuanzia mstari wa maji ya bamvua (maji kujaa sana, wakati wa mwezi mpevu na mwezi mchanga), pale yanapoacha makapi ya mwani. Siku ya bamvua twende na futi kamba, tuweke alama.

"Miti ya pwani" ifutwe, maana hata mnazi umo! Tutaje kwa majina miti ya jamii ya mikoko: mkoko, mchu, mkandaa, mlilana.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi: "ardhi isiyotumika". Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaijumuisha ardhi ya kijiji isiyotumika katika ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya kijiji bali chini ya Kamishna wa Ardhi. Basi shamba lililopumzishwa na malisho ya msimu tuyaandike bayana kuwa yanatumika, tutaje na miaka ya kupumzisha.

Maoni yaje hapa kabla ya Ijumaa.