Mionzi ya vitundu vitundu iandikwe ili na sisi tuielewe

Ndugu Mhariri,

Mi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, mama mdogo alikua na uvimbe mkubwa tukampeleka Dar kupigwa mionzi, ngozi ikaungua mpaka akashindwa kulala, na toka hapo nasoma kila ninachopata kuhusu mionzi. Kumbe tangu 1909 Mjerumani Alban Köhler aliweka wavu wa chuma juu ya ngozi ili mionzi ipenye kwenye vitundu tu, ngozi iliyokingwa ikabaki nzima ikasaidia ile ilounguzwa kupona!

Siku hizi njia hiyo ya vitundu wanaijaribu na protoni (chembe ndogo sana za ndani ya atomu), zenyewe uzuri wake zinafika kina kinachotakiwa zinaishia hapohapo. Ila kazi ipo kwenye kupanga jamani, mtaalamu anachukua picha za CT (eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande) kompyuta inapiga hesabu vitundu viachane kiasi gani na protoni ziingilie upande upi, maana zikizama zinatawanyika na zile sehemu za katikati ya vitundu, zilizotakiwa zipate dozi ndogo (mionzi kidogo), zinaanza kujaa mionzi.

Naomba gazeti liwahoji wataalamu wa fizikia ya tiba, vijana wetu wa sekondari wanaopenda fizikia wajue kazi hii ipo.

Msomaji wenu, Ngamiani, Tanga